Namna ya Kuzimudu Zama za Kati kwa Pakiti Moja ya Chumvi

Vifaa vinavyohitajika: pakiti moja ya chumvi, sufuria kuukuu, jiko la mkaa, ramani ya dunia, na mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi. Ukiwa navyo, mkazi wa Mbalizi, unaweza kuizunguka dunia ya kati ya mwaka 500 na 1500, kutoka China hadi Mali, na usilale na njaa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wazazi wanaowasikia watoto wao usiku wakiimba sababu sita za kukua kwa dola la Mali, na asubuhi watoto haohao hawajui Mali iko upande gani wa Afrika. Ni kwa ajili ya watoto wenyewe pia, maana kosa si lao. Mtoto anapewa maneno makavu ayameze: ukabaila, ukhalifa, usultani, mgawanyo wa kazi, biashara ya masafa marefu. Mtihani ukipita, yote yanatoka. Haulizwi hata mara moja watu hao walikula nini, kilitoka wapi na nani alikibeba. Tuanzie hapo.

Nenda dukani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nikupe nini?" "Chumvi, mama." Atakupa chenji na kugeukia mteja mwingine, lakini wewe usiondoke. Geuza pakiti usome chumvi imetoka wapi. Ikiwa ni ya Uvinza, mkoani Kigoma, basi umeshika bidhaa ya Zama za Kati kwa mkono wako mwenyewe. Chemchemi za Uvinza zimekuwa zikichemshiwa chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Wakati huo Baghdad haijajengwa. Ilianzishwa mwaka 762. Kilwa haijawa mji. Sabuni, sukari, betri na biskuti zilizopangwa pembeni mwa pakiti hiyo zote ni wageni wa juzi. Ikiwa chumvi yako imetoka pwani, Lindi au Kilwa, usirudishe. Tutaihitaji tukifika kwa sultani.

Kisha simama kando ya barabara kuu uangalie malori ya viazi yanayoshuka kutoka Umalila, na ujiulize kwa nini mtu anayelima chakula chote hicho bado lazima anunue chumvi. Jibu liko mwilini. Anayeishi kwa nyama, maziwa na damu, kama wafugaji wengi wa zamani, hupata chumvi ya kumtosha humohumo. Anayeishi kwa nafaka na mboga haipati. Kwa hiyo kila kilimo kilipoenea, ilibidi chumvi ifuate nyuma. Viazi na mahindi viondoe kwanza kwenye picha, maana vilitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1500. Weka ulezi, mtama na kunde. Mkulima wa ulezi wa mwaka 1300 alikuwa na shamba, jembe la chuma, watoto na ng'ombe wachache, na bado alikuwa na shida moja ambayo shamba lake halikuweza kuitatua. Wengi bara walichoma majani ya mabwawani, wakachuja majivu, wakapikia maji yake. Wengine walikwenda safari. Safari ile ndiyo vitabu vinaiita biashara, na mtoto akiielewa hivyo hatahitaji kukaririshwa maana yake.

Sasa jikoni, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu hii ndiyo hatua ambayo ningependa kila shule ya kata ya Mbeya na Iringa iifanye.

Pima lita moja ya maji. Koroga humo vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Umepata, kwa makadirio, maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina takriban gramu 35 za chumvi. Injika. Nimesema sufuria kuukuu kwa sababu chumvi hula aluminiamu, na mama mwenye nyumba hatakubali sufuria yake mpya iliwe kwa ajili ya historia. Tumia mkaa ulioupima kwenye kopo kabla ya kuuwasha. Gesi inaficha gharama. Sasa chemsha mpaka yakauke yote, mpaka ubaki ukoko mweupe.

Mtoto atashangaa jinsi inavyochukua muda. Mwambie kwamba kuyafikisha maji kwenye kuchemka ni kazi ndogo. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunataka joto mara 6 au 7 ya hilo. Kisha mpe kalamu apige hesabu. Gramu 35 zinamtosha mtu mmoja wiki moja, kwa kipimo cha gramu 5 kwa siku ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri tusikivuke. Kaya ya watu 6 inataka karibu kilo 11 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya lita 300 za kukausha. Kopo ngapi za mkaa? Mti upi uliokatwa? Nani aliyeukata, nani aliyechota, nani aliyefinyanga vyungu vya kuchemshia, na vyungu vikipasuka motoni nani alifinyanga vingine? Muulize maswali hayo jiko likiwa bado linawaka. Atakapokuwa amemaliza kuyajibu atakuwa ameueleza mgawanyo wa kazi vizuri kuliko kitabu chake, na atajua kwa nini sehemu zenye chumvi nyingi ardhini zilivuta watu wengi ambao hawakuwa ndugu.

Fungua ramani. Mbalizi iko kwenye barabara ya Tunduma. Peleka kidole magharibi mpaka Mlowo, kisha kaskazini, ushuke Bonde la Rukwa. Karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Rukwa, wilayani Momba, kuna Ivuna. Wanasayansi wa anga duniani kote wanalijua jina hilo kwa sababu ya kimondo kilichoanguka hapo Desemba 1938, kimoja kati ya vimondo adimu kuliko vyote. Sisi leo hatujaja kutazama juu.

Ivuna ina chemchemi za chumvi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walifukua marundo yaliyoachwa na wachemsha chumvi, yaliyojaa vigae vya vyungu, na mwaka 1968 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Azania. Toleo hilohilo lilikuwa na utafiti wa John Sutton na Andrew Roberts kuhusu Uvinza. Vipimo vya kaboni viliiweka kazi ya Ivuna kati ya karne ya 13 na ya 15. Weka miaka hiyo juu ya meza. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alilazimishwa na makabaila wake kukubali Magna Carta. Mwaka 1258 Wamongolia waliiteka Baghdad na kumuua khalifa. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Kairo akielekea Maka, akigawa dhahabu. Katika miaka hiyo, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka mahali unaponunulia nyanya, moto ulikuwa umewaka chini ya vyungu, na watu wa huku walikuwa ndani ya historia ya dunia kama wengine wote. Ninalisema hili kwa uzito wote. Mtoto wa Mbalizi akiambiwa Zama za Kati zilitokea Ulaya na Arabuni tu, ameibiwa.

Ukitaka kuwaona watengenezaji wa chumvi ya namna hii wakiwa kazini, tazama Kibiro, ufukweni mwa Ziwa Albert nchini Uganda, ambako kazi imeendelea kwa zaidi ya miaka 700. Wanawake humwaga udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, jua likaivuta chumvi juu, wakaukwangua udongo ule, wakauchuja kwa maji ndani ya vyungu vyenye matundu, na mwisho wakachemsha. Ujanja wote uko hapo: jua linafanya kazi ambayo vinginevyo ingeteketeza msitu. Mashamba ya chumvi ni ya wanawake. Binti huyarithi kwa mama yake. Mwalimu akikuambia kwamba wanawake wa zamani hawakumiliki njia kuu za uchumi, mwambie kwa adabu, "Mwalimu, na Kibiro?"

Safari ya pili ni ya kidole tu. Kipeleke Taghaza, katikati ya Sahara, kaskazini mwa Mali ya leo. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1352. Alikuta nyumba na msikiti vilivyojengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Hapakuwa na mti. Wachimbaji walikuwa watumwa, na chakula chao kililetwa kutoka mbali: tende, mtama na nyama ya ngamia. Mzigo wa chumvi, anasema, uliuzwa mithkali 8 hadi 10 za dhahabu katika mji wa Walata. Ukifikishwa mji mkuu wa Mali bei ilikuwa 20 hadi 30, na pengine 40. Mithkali moja ni zaidi kidogo ya gramu 4. Mtoto akipiga hesabu ya tofauti hiyo ya bei, sababu za kukua kwa dola la Mali zitakuja zenyewe: anayelinda njia kati ya Walata na mji mkuu, na kutoza ushuru, ndiye mwenye dola. Mtahiniwa wa kawaida hutaja "Uvinza na Taghaza" kwa pumzi moja kwenye swali la chumvi, na anapata alama zake. Lakini Uvinza ilikuwa na maji ya chemchemi na kuni, na Taghaza ilikuwa na mateso ya watu waliofungiwa jangwani. Sehemu hizo mbili zinastahili kutenganishwa.

Hamisha kidole China. Wakati wa uasi mkubwa wa An Lushan, serikali ya ukoo wa Tang ilikuwa haina fedha. Mwaka 758 ikajitwalia biashara yote ya chumvi, na kufikia mwaka 779 zaidi ya nusu ya mapato yake yalitoka huko. Bei ikapanda, magendo yakastawi. Mmoja wa walanguzi wa chumvi, Huang Chao, aliongoza uasi mkubwa kuanzia 875 hadi 884. Jeshi lake likaingia bandari ya Guangzhou na kuwaua wafanyabiashara wa kigeni kwa maelfu, kisha likauteka mji mkuu. Tang haikupona, na mwaka 907 ikafa rasmi. Neno "dola" sasa lina mwili: ni mkono unaoweza kukuzuia kununua chumvi mahali pengine.

Miaka hiyohiyo, karibu na Basra, kulikuwa na chumvi nyingine. Mabwawa ya kusini mwa Iraki yalifunikwa ukoko wa chumvi, na wenye ardhi waliwatumia watumwa kuukwangua ili ardhi ya chini ilimike. Waliitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ingawa wanahistoria bado wanabishana ni wangapi kati yao walitoka huku. Mwaka 869 waliinuka wakiongozwa na Ali bin Muhammad. Waliiteka Basra mwaka 871, wakajenga mji wao, al-Mukhtara, na kulitetemesha dola la Waabbasi kwa miaka 14 kabla ya kushindwa mwaka 883. Kaa na jambo hili kidogo. Chumvi ambayo mtu wa Ivuna aliifuata kwa miguu yake, mtu wa Basra aliikwangua kwa viboko. Mtoto anayejua hayo mawili hatauliza tena utumwa una uhusiano gani na uchumi.

Ukabaila je? Hilo ndilo neno linalowatesa wengi, kwa sababu wanalitafuta kila mahali. Kabaila wa Ulaya alikuwa na nguvu kwa sababu ardhi ilikuwa na mwenyewe na mkulima hakuwa na pa kwenda. Nyanda za Juu Kusini ardhi ilikuwa tele na watu wachache. Mtawala mkali aliamka asubuhi akakuta nyumba tupu, watu wamevuka mto. Utajiri ulikuwa watu, ng'ombe, na mahali pachache ambapo hapahamishiki: chemchemi ya chumvi, udongo wa chuma, kivuko. Uvinza, kwa mfano, katika karne ya 19 watawala wa kienyeji walitoza kodi kwa watengenezaji waliofika kutoka mbali wakati wa kiangazi. Kwa ardhi yenyewe, nenda Kagera, kwenye nyarubanja, ambako mkulima alilipa kodi kwa bwana wa shamba, na ilibidi Bunge la Tanzania huru lipitishe sheria ya kumkomboa mwaka 1965. Kwa hiyo mtoto akiulizwa kama palikuwa na ukabaila Tanzania, aulize naye: wapi, na lini? Ni jibu bora kuliko ndiyo.

Ile chumvi ya pwani uliyoiweka kando, itoe sasa. Tumefika Kilwa. Pepo mbili ndizo zilizoujenga mji huu. Kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na India kuanzia Desemba hivi, na kusi huvirudisha kuanzia Aprili. Kilwa iko karibu na mwisho wa umbali ambao nahodha angeweza kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, iliyotoka nchi ya Great Zimbabwe, ilikuwa mbele zaidi ya hapo. Kilwa ikakaa katikati na kuchukua chake. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akajenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe 8. Sarafu ya shaba yenye jina lake imefukuliwa Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kasri lake.

Ibn Battuta, yuleyule wa Taghaza, alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani huyo kwa ukarimu. Fakiri mmoja wa Yemeni, anasimulia, alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kuzivua na kumpa. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa 10, na sultani alipoona watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Walimu wengi huishia kwenye ukarimu. Usiishie hapo. Muulize mtoto: wale watu 20 walikuwa akina nani? Walikamatwa wapi? Ibn Battuta mwenyewe anataja mashambulizi ya sultani dhidi ya watu wa bara. Tembo nao hawakuishi kwenye kisiwa cha matumbawe. Kila kilichoifanya Kilwa ing'ae kilipita kwanza mikononi mwa watu wa bara, na vitabu vinavyoanza na kuishia pwani vinawaacha watu hao nje ya mlango.

Mtihani ukifika, mwanafunzi wako asiandike habari za sufuria yako. Msahihishaji hana muda. Aandike mahali, mwaka na namna kazi ilivyofanyika, kisha hoja. "Taghaza, 1352, bei ya mzigo iliongezeka mara mbili hadi tatu kati ya Walata na mji mkuu" ni sentensi moja inayobeba hoja tatu.

Bado mzee. Ukiweza, awe bibi, kwa sababu wao ndio waliopika. Msalimie, kaa chini, usianze na kalamu. Muulize wazazi wake walipikia nini kabla pakiti hazijafika madukani, magadi yalitoka wapi, jani gani lilichomwa, nani aliruhusiwa kwenda kuleta chumvi na nani hakuruhusiwa. Muulize kwa lugha yake, Kisafwa, Kimalila, Kinyiha au Kinyakyusa, hata kama itabidi mjukuu akusaidie, kwa sababu majina ya mimea na vyungu yamo humo. Rekodi kwa simu, andika tarehe, na umwachie nakala mtu wa nyumba ile. Rekodi za namna hii ni chache mno, na wenye majibu wanapungua kila mwaka.

Ukiwa tayari kwa nauli, nenda Ivuna. Panda gari la Tunduma, shuka Mlowo, ulizia usafiri wa Kamsamba. Ripoti kwanza ofisi ya kijiji ueleze umekuja kutazama nini. Kigae utakachokiona ardhini kipige picha ukiweka rula pembeni, kisha kiache palepale, maana kikihamishwa kinapoteza nusu ya habari zake, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya namna hiyo. Beba maji mengi, bonde lina joto kuliko tulivyozoea huku juu. Na usiende masika. Nenda kati ya Julai na Oktoba, udongo ukiwa umekauka, ndipo utaona chumvi inavyopanda juu yenyewe na kuipaka ardhi weupe.